Dorian alimwacha Hetty salama. Kwa nini picha ilizidi kuoza?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Sisi ni kikundi cha wasomaji hapa Morogoro, na mwezi huu tumemaliza The Picture of Dorian Gray ya Oscar Wilde. Tunagombana kuhusu mwisho. Dorian anamwacha yule binti wa kijijini, Hetty, bila kumharibia maisha, halafu anapanda juu akitumaini picha imepungua ubaya. Anakuta imezidi. Mimi niliumia sana. Mtu amejaribu jema moja, na hilo nalo linaandikwa dhambi! Wenzangu wengine wanasema alishaoza tangu mwanzo, wengine wanasema mharibifu ni Lord Henry. Je, Wilde anataka kutuambia kwamba mtu akishaharibika hana tena toba?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeumia mahali panapouma kweli, na ningesikitika kama ungefunga kitabu hicho na kusema tu kwamba mwovu kapata malipo yake. Toba imo ndani ya riwaya hii. Wilde anaifungulia mlango zaidi ya mara moja, na kila mara Dorian anasogea hadi kizingitini, kisha anageuka kujitazama anavyopendeza akiwa amesimama pale. Kujitazama huko ndiko nataka tukufuatilie, maana ndiko kulikomla.

Kwa ajili ya wasioisoma, nieleze kisa kwa ufupi. Tuko London, mwishoni mwa karne ya 19. Mchoraji Basil Hallward amemchora kijana mzuri wa sura, Dorian Gray. Siku picha inapokamilika, rafiki wa mchoraji, Lord Henry Wotton, mtu wa maneno matamu, anamwambia kijana huyo kwamba uzuri wake utadumu miaka michache tu. Dorian anaitazama picha, anaionea wivu, anatamka kwamba angetoa hata roho yake ili picha ndiyo izeeke na yeye abaki vilevile. Ikawa hivyo. Akikaribia miaka 38 bado ana uso wa kijana, na kila uovu alioutenda umejiandika kwenye ile picha, aliyoificha kwenye chumba cha juu kabisa cha nyumba yake.

Mmegombana juu ya nani aliyemharibu. Kiswahili kina neno la mtu wa namna hiyo: fisadi. Siku hizi likitajwa tunawaza zabuni, risiti za kughushi na fedha za umma. Wazee wa pwani walilitumia kwa jambo la karibu zaidi na mwili. Fisadi alikuwa mharibifu wa watu, hasa yule anayewatongoza wake na mabinti za wenzake na kuacha nyumba zimevurugika. Nalirudisha neno hilo katika maana yake ya zamani kwa sababu linatulazimisha kuuliza: aliyefisidiwa ni nani, na kwa njia ipi?

Wanaomlaumu Lord Henry wanao ushahidi. Ndiye aliyemwambia Dorian kwamba ujana ndio kitu pekee chenye thamani. Anatangaza kwamba hakuna ushawishi mwema, kwamba kumshawishi mtu ni kumpa roho isiyo yake, na hapohapo anaendelea kumshawishi. Tazameni pia zawadi zake. Anampa Dorian kioo cha umbo la yai, fremu yake ya pembe za ndovu imechongwa vitoto vya mungu wa mapenzi. Anampa kitabu chenye jalada la njano, kisa cha kijana wa Paris anayetaka kuonja kila hisia iliyowahi kuonjwa na binadamu. Dorian anakipenda hadi anaagiza nakala 9 na kuzijalidi kwa rangi tofauti, ili kila siku achague inayolingana na hali ya moyo wake. Anaona kitabu hicho kina habari za maisha yake, zilizoandikwa kabla hajayaishi. Kwa maneno mengine, hata kitabu kwake ni kioo.

Ila Henry hatendi. Katika riwaya nzima kazi yake ni kusema, kuvuta sigara na kutazama. Karibu na mwisho Dorian anamuuliza ingekuwaje kama angemwambia kwamba ndiye aliyemuua Basil. Henry anamjibu kwamba uhalifu ni jambo la watu wa chini, Dorian hauwezi. Amemtazama kijana huyo kwa miaka yote hiyo na hajui amelea nini. Kwangu hilo ni kosa zito, lakini si lile la mtu aliyeshika kisu.

Mnayemsahau ni Basil. Mwaka 1890, riwaya ilipotoka kwa mara ya kwanza na magazeti kuishambulia, Wilde aliliandikia barua gazeti la St James's Gazette. Alieleza humo kwamba mchoraji, kwa kuabudu mno uzuri wa mwili, anakufa kwa mkono wa mtu ambaye yeye mwenyewe alimpanda majivuno ya kutisha rohoni. Hayo ni maneno mazito. Basil ndiye mtu mwema wa riwaya, mpole, mwaminifu, na bado mwandishi anasema mbegu ya kwanza ya majivuno aliipanda yeye. Alimtazama kijana kama kitu cha kuabudiwa kabla kijana hajajifunza kujitazama hivyo. Fisadi si lazima awe na nia mbaya. Wazazi wanaomsifu mtoto mchana kutwa kwa weupe wa ngozi au wembamba wa pua wataelewa ninachosema, kama watapenda kuelewa.

Na wale wenzako wanaosema alishaoza zamani? Wanamwona Dorian kama mkakasi: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo ni tamu, ila haimfai Dorian wa sura za mwanzo. Mkakasi ulikuwa mti tangu ulipochongwa. Dorian tunamkuta akipiga piano nyumbani kwa Basil, ameona haya kwa sababu alimwahidi shangazi yake Henry kwamba watakwenda pamoja kupiga muziki kwenye klabu ya watu maskini huko Whitechapel, akasahau. Mtu anayeona haya kwa ahadi ndogo aliyoivunja bado ni mzima. Ni mwepesi, hajapimwa, kalelewa na babu aliyemchukia, lakini ni mzima. Kama alikuwa mbovu tangu awali, picha ingekuwa mbovu tangu awali, na Basil alichora alichokiona.

Basi aliharibika lini? Wengi hujibu kwamba ni siku ile ya kutamka matakwa yake. Mimi nasema ni siku moja, kati ya alfajiri na jioni, na ningependa tuitazame kwa karibu.

Dorian amempenda mwigizaji wa miaka 17, Sibyl Vane, anayeigiza Shakespeare kwenye ukumbi mchafu wa mtaa wa kimaskini. Anamsimulia Henry jinsi usiku mmoja anavyokuwa Rosalind na mwingine Imogen. Henry anamuuliza, na ni lini huwa Sibyl Vane? Dorian anajibu: kamwe. Anasema hivyo kwa furaha, kama sifa! Kisha Sibyl naye anampenda kwa moyo wote, na usiku Dorian anapowaleta marafiki zake kumwona, anaigiza vibaya mno, kwa sababu ameonja mapenzi ya kweli na sasa mapazia yanaonekana mapazia na rangi ya midomo inaonekana rangi. Kwa mara ya kwanza amekuwa Sibyl Vane. Dorian anamwambia ameua mapenzi yake, anamwacha amejikunyata sakafuni akilia.

Anatembea usiku kucha. Kunapokucha yuko karibu na soko la Covent Garden, na magari ya kukokotwa yanapita yamejaa mayungiyungi. Mchukuzi mmoja mwenye joho jeupe la kazi anamkaribisha cheri. Dorian anataka kumlipa, mchukuzi anakataa. Dorian anashangaa kwa nini, anaanza kula bila hamu. Cheri hizo, anasema Wilde, zilichumwa usiku wa manane, na ubaridi wa mwezi ulikuwa umeziingia.

Nimewasomesha vijana wengi riwaya hii na karibu wote huruka hapo, wanakimbilia picha. Mimi huwarudisha. Katika kitabu ambamo kila mtu anamtazama Dorian na kutaka kitu kutoka kwake, huyu mchukuzi anampa tu, kwa sababu ni asubuhi na cheri anazo. Dorian hawezi kuelewa zawadi isiyo na mtazamaji. Anashangaa, anatafuna, anaendelea na safari.

Anafika nyumbani. Mwanga hafifu unapenya mapazia ya hariri, na midomo ya picha ina kitu kipya, mstari wa ukatili. Anakimbilia kile kioo cha Henry, anajitazama midomo yake mwenyewe: hakuna mstari. Hapo ndipo vioo viwili vya riwaya vinapokutana, kimoja kinachomdanganya na kingine kinachomwambia ukweli, na kwa muda mfupi anachagua ukweli. Anaogopa. Anamhurumia Sibyl. Anaamua kumwoa. Anakaa kumwandikia barua ya kuomba msamaha, ukurasa baada ya ukurasa, maneno ya majuto makali. Akimaliza anahisi amekwisha kusamehewa. Barua iko bado mezani, Sibyl hajaiona, na yeye moyo umeshatulia.

Huo ndio mlango wa kwanza, na umeona alivyousimamia. Ameandika majuto vizuri mno, akayasoma, akayapenda. Kisha Henry anaingia na habari kwamba Sibyl amejiua usiku uleule. Dorian anatikisika, anatoa ukelele wa uchungu, halafu anatamka sentensi inayonitisha kuliko kisu chochote: kwamba mambo yote hayo anayaona kama mwisho wa ajabu wa tamthilia ya ajabu. Usiku anakwenda opera. Siku iliyofuata picha inapelekwa juu.

Naomba muone inapelekwa wapi. Ni chumba alichosomea utotoni, ambacho babu yake alikijenga ili mtoto huyo akae mbali na macho yake. Kwa sura alifanana na mamaye, na babu hakuivumilia sura hiyo. Hakijafunguliwa karibu miaka 5, kimejaa vumbi, na mtunza nyumba anasikitika kwamba bwana wake atakikuta kichafu. Dorian anakwenda kuficha roho yake chumba kilekile alichofichwa yeye. Riwaya za Kigothi, zile za hofu na siri, hupenda nyumba za namna hii, zenye chumba kisichofunguliwa ambamo kosa la mzee linamngoja mjukuu. Tangu Horace Walpole alipoianzisha aina hiyo ya riwaya mwaka 1764, ngome, kuta na picha za mababu ndizo zinazoshika kumbukumbu ambazo watu wameamua kuzisahau.

Hapo kwenye vumbi huwa namkumbuka Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, na utenzi wake wa Al-Inkishafi. Naye aliingia nyumba za waliojivuna, akakuta popo wananing'inia darini na buibui wametanda. Ila yeye alisema na moyo wake. Aliuita, akaukemea, akaubembeleza uache udanganyifu wa dunia. Dorian alipewa bahati ambayo hakuna binadamu amewahi kuipata, kuona roho yake kwa macho, na kwa miaka yote ile hasemi nayo hata neno. Anapanda ngazi na kioo mkononi, anasimama mbele ya picha, anatazama uso unaozeeka na uso usiozeeka, na kadiri tofauti inavyoongezeka ndivyo anavyozidi kufurahia. Amegeuza dhamiri kuwa kitu cha kutazamwa. Ugonjwa wake mimi nauita huo. Kupenda uso wake ilikuwa dalili.

Wilde hakuwa wa kwanza kuujua. Mwaka 1796 kijana wa Kiingereza, Matthew Lewis, alitoa The Monk, kisa cha mtawa wa Madrid aitwaye Ambrosio, mhubiri ambaye mji mzima unamwona mtakatifu. Baada ya mahubiri yake makubwa anaingia chumbani kwake peke yake, anafunga mlango, na hapo anayaachia majivuno yake yatembee: nani kama mimi? Kisha anainua macho kutazama picha ya Bikira Maria iliyoko ukutani, na mwandishi anatuonyesha kwamba anayoipenda ni sura. Punde anatokea mwanamke mwenye sura ileile ya picha. Ambrosio anashuka ngazi moja baada ya nyingine hadi kubaka na kuua, na mwishoni, akiwa gerezani, anamuuzia shetani roho yake ili kuwakwepa walinzi anaowasikia mlangoni. Shetani anamwambia baadaye kwamba walinzi wale walikuwa wameleta msamaha. Angevumilia dakika moja tu angepona. Mnaona? Hata katika riwaya ile ya kutisha, toba ilikuwa nje ya mlango, imeshika msamaha mkononi.

Mzizi mwingine ni wa ukoo. Charles Maturin, mwandishi wa Melmoth the Wanderer ya mwaka 1820, alimwoa dada wa bibi yake Wilde mzaa mama. Katika riwaya yake kuna mtu aliyejipatia miaka 150 ya ziada kwa gharama ya roho yake, na kuna picha yake ya mwaka 1646 iliyofichwa chumbani, macho yake yanamfuata mtu. Kijana wa ukoo huo anaichana na kuichoma. Usiku mwenye picha anamtokea na kumwambia kwamba miali ile anaweza kuistahimili. Wilde aliichukua picha hiyo akaigeuza: kwa Maturin picha inaungua na mtu anabaki, kwa Wilde picha inachomwa kisu na anayekufa ni mtu. Tutarudi hapo. Robert Louis Stevenson naye, katika kisa cha Dr Jekyll na Mr Hyde cha mwaka 1886, alimfanya Jekyll akiri kwamba kilichomwanzisha ni kutaka kutembea kichwa juu mbele za watu. Starehe zake za awali wengine wengi wangezikiri bila aibu. Dawa ilikuja baadaye. Tamaa ya kuonekana msafi ilitangulia.

Sasa mlango wa pili. Basil anakuja usiku, muda mfupi kabla ya safari ya Paris, kumuuliza Dorian kuhusu uvumi unaoenea: vijana walioharibikiwa, mmoja aliyejiua, mabinti waliopoteza heshima. Dorian anampandisha juu na kumwonyesha picha. Wengi hukumbuka kisu tu. Mimi nakumbuka kilichotangulia kisu. Basil anaona kazi ya mikono yake imekuwa uchafu ule, anaketi, anafunika uso kwa mikono. Kisha anamwambia Dorian wasali. Anasema sala ya kiburi chako ilijibiwa, na sala ya toba yako nayo itajibiwa. Anasema nilikuabudu mno, nimeadhibiwa. Wewe ulijiabudu mno. Wote wawili tumeadhibiwa.

Katika kurasa zote za riwaya hakuna mwingine anayesema "wote wawili" kwa kukiri kosa lake. Henry hajawahi kusema hivyo. Basil anachukua sehemu yake ya kosa palepale, bila kujitetea, na anampa rafiki yake nafasi ya kupiga magoti pembeni yake. Dorian anasikiliza kwanza kama mtu aliye kwenye viti vya tamthilia. Kisha anaitazama picha, chuki inampanda, na kuna kisu alichokileta siku kadhaa nyuma kukatia kamba na kukisahau hapo. Anamchoma Basil shingoni.

Kwa hiyo swali lako, mtu akishaharibika hana tena toba, lina jibu ndani ya sura ya 13. Mlango ulifunguliwa, na aliyeufungua aliuawa. Baada ya hapo Dorian anamlazimisha rafiki wa zamani, mwanakemia Alan Campbell, aiyeyushe maiti kwa dawa, akimtishia kwa siri anayoijua juu yake. Campbell baadaye anajipiga risasi. Ndugu yake Sibyl, James, anamsaka Dorian alipe kisasi, na anakufa kwa risasi ya bahati mbaya kwenye mawindo.

Huyu James hayumo katika toleo la kwanza, na mnapaswa kulijua hilo maana nakala za mtandaoni huchanganya watu. Riwaya ilitoka kwanza katika jarida la Lippincott's la Philadelphia, toleo la Julai 1890, ikiwa na sura 13. Kitabu cha mwaka 1891 kina sura 20, na James ni mmoja wa walioongezwa. Mimi naona Wilde alimleta ili tutumaini kwamba adhabu itatoka nje, kwa mkono wa mlipa kisasi, kisha akamwondoa kwa risasi ya mwindaji asiyejua chochote. Dorian anapokea habari hizo machozi yakimtoka kwa nafuu: sasa yuko salama. Salama dhidi ya kila mtu, isipokuwa yule aliye juu chumbani.

Wilde mwenyewe hakupata usalama huo. Mwaka 1895 wakili Edward Carson alimhoji mahakamani juu ya kurasa za riwaya hii ili kumthibitishia tabia mbaya, na mwaka huohuo alihukumiwa miaka 2 ya kazi ngumu kwa mapenzi yake na wanaume. Alipotoka alijiita Sebastian Melmoth, jina la yule mtangatangaji wa Maturin, na akafia Paris mwaka 1900. Sipendi kusoma riwaya kama ramli ya maisha ya mwandishi. Lakini jina lile alilichagua yeye, na haliniachi.

Kuhusu kisu cha mwisho, sitakaa sana. Dorian anataka kuiharibu picha kwa sababu ndiyo ushahidi pekee uliobaki. Anatumia kisu kilekile kilichomuua mchoraji, akisema kitaua pia kazi ya mchoraji. Tayari amekwisha kukitupa sakafuni kile kioo cha Henry na kukisaga kwa kisigino. Melmoth aliistahimili miali kwa kuwa roho yake aliibeba mwenyewe. Ya Dorian ilikuwa kwenye turubai. Alitaka kumnyamazisha shahidi, na shahidi alikuwa yeye.

Nimemwacha Hetty hadi mwisho makusudi. Walimu wa madrasa hutufundisha kwamba toba ina masharti: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutorudia, na kama kosa lilimgusa mtu, kumrudishia haki yake. Chukua sharti hilo la nne ukapime. Sibyl amekufa, Alan amekufa, na Basil hana hata kaburi, ndugu zake hawajui kama yu hai. Dorian anawazia kidogo kukiri, kisha anajiambia hakuna atakayemwamini. Badala ya hao anachukua binti mmoja ambaye bado hajamharibu, anaacha kumharibu, na anadai stakabadhi ya kufutiwa madeni yote.

Na tazama alivyolitenda. Walikuwa watoroke pamoja alfajiri. Ghafla akaamua kumwacha akiwa ua kama alivyomkuta. Kitu cha kwanza anachofanya ni kumsimulia Henry, tena kwa picha nzuri, maua ya tufaha yakimdondokea binti nywelani naye anacheka. Henry anamuuliza atajuaje kama saa ile Hetty haelei kwenye bwawa la kinu. Dorian anaudhika, anamwambia wasizungumze habari hizo. Swali la Henry lilikuwa la kikatili, lakini lilikuwa na jibu. Kijiji kipo. Treni zipo. Barua zipo.

Hatumwoni Hetty hata mara moja katika riwaya nzima. Kila tunachokijua kumhusu kinatoka kinywani au kichwani mwa Dorian, pamoja na ile siku alipomwambia kwamba yeye ni mtu mwovu, naye akacheka na kumjibu kwamba watu waovu huwa wazee na wabaya wa sura. Usiku ule Dorian alipotaka kujua kama jema lake lilikuwa jema, hakwenda kumuuliza binti huyo yuko hali gani. Alichukua taa mezani, akapanda ngazi kwenda kutazama picha.